Goetzen ya Maboksi

Ukiingia kituo cha vijana utaiona mara moja. Ukutani kuna michoro sita ya manowari, na chini yake, juu ya dawati lililokatika mguu, kuna mfano wa meli yenyewe: boksi za biskuti, bati la kopo la mafuta ya kupikia, na mizinga ya vijiti. Pembeni kuna daftari la kurasa 48 linaloeleza kila kitu. Aliyeitengeneza ana miaka 17. Nafanya kazi na vijana hapo kituoni na nimelisoma daftari lote, mara mbili. Nataka kuizungumzia kama kazi ya mtu aliyefikiri, kwa sababu tangu ibandikwe watu wanafanya mambo mawili tu: ama wanaisifu bila kusoma, ama wanataka iondolewe.

Wazo lake ni hili. Anachukua meli ya kweli, Graf von Goetzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba, na anauliza: vipi kama Wajerumani wasingeizamisha mwaka 1916?

Kwa wasiojua: meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kisha Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimeshaanza, ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyoishia delta ya Rufiji. Baadaye mzinga ule ukaondolewa kwenda kupigana nchi kavu, na inasimuliwa kwamba mahali pake waliweka wa mti ili kuwatisha adui. (Kwa hiyo vijiti vya huyu kijana, jamani, vina historia.) Julai 1916 Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani walizipaka mashine grisi, wakaizamisha meli kwa mikono yao. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Sasa kwenye daftari haizami. Inafika mwaka 1936 na inafanyiwa matengenezo makubwa: mizinga minne ya milimita 105, mizinga midogo ya kutungulia ndege, mabamba ya chuma ubavuni, boila mpya, na mwendo mara mbili ya ule wa zamani.

Nianze na anachokiweza. Hajachora meli ya ndotoni. Umbo la chini ni lile lile la Goetzen, mita 71 na kidogo, upana wa mita 10 hivi, na ameheshimu vipimo hivyo kuliko wachoraji wengi ninaowaona, ambao kila wakikosa nafasi wanaongeza urefu. Ukurasa wa 9 unanifurahisha zaidi. Pale ameandika kwamba kila kipande kipya lazima kiingie kwenye behewa la reli, kwa hiyo boila moja kubwa haiwezekani, anaweka nne ndogo. Hiyo ni akili. Ziwa letu limefungwa. Manowari haiwezi kuingia kutoka baharini, na kila msumari umekuja kwa reli au kwa mabega ya watu. Waingereza walipotaka kupigana hapa mwaka 1915 walizivuta boti zao mbili, Mimi na Toutou, kwa reli na kwa ardhi kupitia Kongo. Huyu kijana ameelewa kwamba vita vya ziwa hili vilianza kwanza na mizigo.

Halafu ukurasa wa 14 anasahau aliyoandika wa 9. Mizinga minne inatoka wapi? Königsberg ilikuwa na kumi, na Wajerumani waliigawa huku na huku kwa ajili ya vita vya nchi kavu. Hapo alitakiwa atuambie ni kikosi gani kilinyang'anywa. Na uzito? Miwili kati ya minne ameiweka juu kabisa, karibu na bomba la moshi, kwa sababu inapendeza kwenye picha. Uzito ukikaa juu mno meli inayumba kama mlevi, na aliyewahi kupanda boti ziwani wakati wa kusi anajua yale mawimbi si mchezo. Mabamba ya chuma nayo yanaizamisha meli zaidi majini, wakati kando za ziwa sehemu nyingi hakuna gati la kutosha. Mwendo mara mbili ni ndoto kabisa: ukitaka meli hiyo hiyo ikimbie mara mbili unahitaji nguvu kama mara nane. Boila nane ndogo zisingetosha, na makaa yake yangejaza meli nzima.

Lakini haya ni ya kurekebisha kwa rula. Kuna mawili makubwa zaidi.

La kwanza ni bendera. Manowari hii haina bendera ya Ujerumani. Ina bendera ya buluu yenye mstari mmoja mrefu mweupe, na ukisoma utakuta ni ya nchi aliyoiita Jamhuri ya Ziwa, inayoshika kando zote: Uvira, Kalemie, Rumonge, Bujumbura, Kigoma, mpaka Mpulungu. Katika historia yake, baada ya vita kuu hakuna aliyepewa Urundi wala aliyepewa Tanganyika. Nilisimama muda mrefu kwenye ukurasa huo. Mtoto aliyezaliwa kambini amechora nchi ambayo ukivuka maji hubadilishi jina. Sawa. Ila kama kando zote ni za mwenyewe mmoja, manowari inampiga nani? Nilimuuliza. Akasema, wezi wa injini za boti. Nilicheka, lakini kwa wezi wa injini huhitaji milimita 105.

La pili ni ubavu. Ili kuweka mabamba ameziba milango ya pembeni, na vyumba vya abiria na ngama ya mizigo vimekuwa ghala la risasi. Mei 2015 makumi ya maelfu yetu tulikuwa Kagunga, mlima nyuma na maji mbele, kipindupindu katikati. Liemba haikuweza kufika ufukweni. Boti ndogo zilitupeleka mpaka ubavuni mwake, tukaingia mmoja mmoja. Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao, kinyume cha njia hiyo. Ile ni meli ya kubeba watu iliyofungwa mzinga kwa miezi michache, na ndiyo maana kila ilipozama mtu aliona inafaa kuibuliwa. Manowari ya daftari ikizama, sioni nani angehangaika nayo.

Kuhusu wanaotaka iondolewe: mgeni mmoja aliyekuja kukagua alisema michoro ya silaha haifai kituoni, tubandike ya amani. Namwelewa, si mtu mbaya. Ila aliangalia mizinga tu, bendera hakuiona. Ukiiondoa, kijana ataendelea kuchora nyumbani, na hakuna atakayemuuliza wezi wa injini wanahitaji mizinga mingapi. Mimi nasema ibaki, na ibishiwe.

Ameshaanza toleo la pili. Nimemwomba mambo mawili: mlango wa ubavuni, na orodha ya mabaharia, kwa sababu kurasa 48 zote hakuna mtu hata mmoja anayetia makaa. Daftari lipo mezani, penseli imefungwa kwa uzi, na ukurasa wa mwisho ameuacha wa maoni. Mpaka juzi walikuwa wameandika watu wanne, wawili wakibishana kuhusu bomba la moshi.