Neno Halikunji Viungo: Uhalisia wa Sayansi na Wasomaji wa Nagona

Siku hizi katika semina zetu ukigusia ukweli tu, unajibiwa haraka: "Ukweli ni lugha tu, bwana." Wanaosema hivyo huegemea Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, riwaya zilizouacha uhalisia wa Rosa Mistika (1971). Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu uko hapa hapa mkoani Mtwara.

Mwaka 1952 homa ngeni ililipuka upande wa Newala, katika uwanda wa Makonde, ikaendelea hadi 1953. Wagonjwa walikunjamana kwa maumivu ya viungo. Wenyeji wakaiita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda na kukunjamana. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955. Kwa dalili, ilifanana mno na dengi. Lakini R.W. Ross alikitenga kirusi chake, akachapisha matokeo mwaka 1956, na ikadhihirika kuwa ni kirusi kingine kabisa.

Hapo ndipo penye hoja. Kama ukweli ungekuwa lugha tu, jina "dengi" lingetosha na mambo yangeishia hapo. Kitu chenyewe kilikataa jina. Tena kisiwani Réunion, mwaka 2005 hadi 2006, kirusi hicho kilionekana na badiliko dogo la kijeni lililorahisisha kuenezwa kwake na mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus. Badiliko hilo liligunduliwa; halikutungwa na mtu.

Wapinzani watauliza: mbona nadharia nyingi za sayansi zimekufa? Malaria yenyewe ilipata jina kwa kudhaniwa inatokana na hewa mbaya! Ni kweli. Lakini tumejuaje kuwa walikosea, kama hakuna kitu nje ya maneno cha kuyapimia?

Aidha, nakubali kuwa Wamakonde walitoa maumivu na jina, makala zikatiwa saini na wengine. Swali la nani anamiliki ujuzi ni halali, na nionavyo mimi ndilo Nagona inaloliuliza. Ila kumtilia shaka anayedai kuumiliki ukweli si kuukana ukweli wenyewe. Tukiukana, hatutakuwa na la kumwambia tabibu anayempa mgonjwa wa chikungunya dawa ya malaria. Atatujibu tu: hiyo ni lugha yenu.