Ukumbusho Usio na Majina

Msomaji kijana, siku utakapofika Nairobi, simama kidogo katika barabara ya Kenyatta mbele ya ukumbusho wa shaba uliozinduliwa mwaka 1928. Utaona sanamu tatu. Kati yao yupo askari wa Keya, na yupo mpagazi. Yatupasa kuusoma ukumbusho huo kama tusomavyo kitabu, kusudi tujue jinsi ya kuadhimisha mwisho wa vita hapa kwetu Kocholia.

Tuanze na sifa yake. Mpagazi hakudharauliwa. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanakiri kwamba wapagazi walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Ni kweli. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, na magari yalikwama matopeni. Unga na risasi vikachukuliwa vichwani mwa watu. Wengi wao walitolewa katika mkoa wa Nyanza wa siku zile, uliofika hata huku mpakani. Maradhi yaliua wapagazi wengi kuliko risasi.

Sasa tutazame kasoro yake. Maandishi hayo humwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka ukumbusho huo mbele na nyuma: huoni jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Wala si kwamba haiwezekani. Huko Cape Town, mwaka 2025, ulifunguliwa ukumbusho wa Waafrika 1,772 waliokufa katika vita hivyo, kila mmoja kwa jina lake.

Hata tarehe yataka kuhojiwa. Dunia huadhimisha tarehe 11 Novemba. Lakini von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Tupangapo sherehe, aghalabu tunaanza na turubai, gwaride na kiti cha mgeni wa heshima. Mimi nasema tuanze na daftari. Katika ukoo wangu yupo mtu aliyekwenda Kariakoo, kama jeshi la wapagazi lilivyoitwa, asirudi. Nilipomwuliza baba jina lake, alinitajia jina la ndugu aliyebaki nyumbani, kisha akanyamaza. Jina la jeshi lingali hai sokoni Dar es Salaam na Nairobi. Jina la mtu wetu limepotea.

Basi likizo ijayo nenda kwa wazee wa Amagoro, Malaba na Busia. Ukiweza, vuka hata ng'ambo, kwani Wateso wako pande zote mbili za mpaka. Uliza kwa adabu: nani alitoka nyumba hii asirudi? Liandike jina kama wenyewe wanavyolitamka, pamoja na ukoo wake. Na kama limesahauliwa, andika "mtu mmoja wa nyumba hii," uache nafasi mbele yake. Huenda mwingine akalijua.