Mlango uliopigwa randa mara mbili

Nyumba ya shangazi yangu Kisimayu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mlango wake wa mbele unatazama bahari, upande uleule kusi inakotokea. Mwezi wa Mei, masika yamekolea, mlango ule ulianza kubana juu upande wa komeo na kuburura chini. Akaitwa seremala, akaupiga randa. Masika ya mwaka uliofuata ukabana tena, ukapigwa randa tena. Ilipofika Januari mbao zilikuwa zimekauka na kaskazi inavuma. Mlango ulifungwa kwa komeo, na bado pazia la ndani lilicheza na mchanga ukaingia hadi kwenye mkeka.

Safari hii aliitwa fundi wa mashua, mzee mzaliwa wa Koyama. Naieleza kazi yake hatua kwa hatua kwa sababu kosa lililofanywa na randa linarudiwa kila mwaka katika nyumba nyingi za pwani yetu, na linaepukika.

Hakuanza na chombo chochote cha useremala. Aliomba chetezo. Upepo ulipokuwa mkali akakipitisha polepole kwenye kingo zote za mlango, na moshi wa ubani ukaonyesha palipovuja: ukingo wa komeo karibu wote, uwazi wa chini, na mahali ambapo hakuna aliyepafikiria, kati ya mwimo na ukuta. Mlango wenye urefu wa mita 2 ukiachia milimita 3 tu ubavuni, umeacha eneo la sentimita 60 za mraba. Hilo ni sawa na tundu la sentimita 6 kwa 10 lililotobolewa ukutani na kuachwa wazi.

Baadaye akaushika mlango kwa kitasa, akauinua. Ukanyanyuka. Skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi, na mti uliozishika ukawa kama unga. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa tangu mwanzo. Bawaba ya juu ikilegea, mlango mzima huinama: kichwa chake husogea kuelekea mwimo wa komeo, na pembe ya chini hushuka. Kwa mlango wenye upana wa sentimita 80 na bawaba mbili zilizoachana sentimita 150, bawaba ya juu ikitoka milimita 6 pembe ile huanguka kiasi cha milimita 3. Kwa hiyo ulibana juu na kuburura chini, na seremala akakata palepale palipobana. Alikata mti mzima usio na kosa.

Masika nayo yalichangia. Mti hunywa unyevu wa hewa na kutanuka kwa upana; kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Mlango wa mbao zilizosimamishwa, upana sentimita 80, unyevu wake ukipanda kwa asilimia 3 tu unaweza kuongezeka milimita 4 hadi 6. Kaskazi ikija unazirudisha zote. Anayepiga randa mwezi wa Mei anaupima mlango ukiwa mnene kuliko siku zote za mwaka, na hiyo nafasi anayoikata ndiyo upepo utakayopitia Januari.

Fundi alizifungua bawaba, akazibua tundu zilizooza, akapigilia vijiti vya mti mgumu vilivyopakwa gundi, akaviacha usiku kucha. Asubuhi alizifunga bawaba kwa skrubu ndefu za shaba ya njano, ambazo chumvi haiziozeshi kama chuma. Mlango ukakaa sawa, na hapo hasara ikaonekana wazi: juu, upande wa komeo, palibaki mwanya wa milimita 9. Ulikuwa umekatwa ili ufuate kuinama kwake, na sasa haukuinama tena.

Shangazi akauliza kama ununuliwe mlango mpya. Fundi akamjibu, "Hapana, mama. Huu tutaufunika."

Neno hilo, kufunika, ndilo nililolipenda kuliko yote. Mlango wa kale wa Waswahili wenye mbao mbili una mfaa, ule mti wa katikati uliopigiliwa kwenye ubao mmoja na kuulalia mwingine. Watu huutazama kwa nakshi zake, lakini una kazi nyingine kubwa. Mbao zinaweza kutanuka masika na kusinyaa kaskazi, na mfaa bado umeuziba mwanya, kwa sababu umepandana na ubao wa pili bila kubanana nao. Waliobuni mlango ule waliuachia mti nafasi ya kupumua. Seremala wa leo anataka ukingo ukutane na ukingo barabara, na katika hewa yetu hilo linadumu msimu mmoja.

Mlango wa shangazi ni wa ubao mmoja na hufunguka ndani. Kwa hiyo fundi alipigilia ufito wa upana wa sentimita 4 kwenye mwimo, upande wa nje, ukiingia sentimita 2 mbele ya ukingo wa mlango. Mwanya wa milimita 9 ukafunikwa, ikabaki zaidi ya sentimita moja ya akiba. Nyuma ya ufito akatia ukanda wa tanga kuukuu uliokunjwa mara mbili. Bado kulikuwa na tatizo: mlango unaofunguka ndani husukumwa na kusi mbali na ufito wake. Akasogeza tumbuu ya komeo milimita 2 ili komeo livute kwa nguvu, akaongeza komeo la pili chini. Uwazi wa chini aliuziba kwa ukanda wa mpira wa tairi.

Kwenye mwimo na ukuta alifanya kazi ya mashua hasa. Alisokota pamba, akaichovya mafuta, akaishindilia kwa chembeu kama anayetia kalafati kati ya mbao za chombo, kisha akapiga chokaa juu. Nilipendekeza saruji, akakataa. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe. Mwimo ukicheza inapasuka au inaondoka na jiwe. Chokaa ni laini, na kwenye nyumba ya chokaa ndiyo inayofaa.

Chetezo kikapitishwa tena usiku ule. Moshi ulipanda wima kila mahali isipokuwa pembe moja ya chini, na hapo akaongeza mpira.

Imebaki kazi moja, nayo lazima ifanywe kabla ya Aprili: kuushusha mlango na kuzinywesha mafuta ncha za mbao, juu na chini, palipopita randa. Ncha ndizo zinazonywa maji upesi kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubao, na zile za chini ziko wazi tangu randa ya kwanza.