Tubadili miwani au tusogeze kamera?

Ujumbe ulitoka Masasi saa tatu usiku, sauti ya dakika nne nzima. Mwenzangu, mwenye studio ya picha huko chini kwenye milima ya mawe, alikuwa ameshaamua. "Kaka, hii Quest 2 imechoka. Watu wanatoa hela halafu wanasema haioneshi vizuri. Tuiuze, tuongezee, tuchukue Quest 3 kabla msimu haujaisha." Msimu ni wa korosho, na kwa habari ya msimu hakukosea: hela ikishapita mikononi mwa watu hapa, hairudi mpaka mwakani. Ila "haioneshi vizuri" ni lalamiko, na lalamiko halina namba. Mimi niko juu, Newala. Nikamwomba wiki mbili.

Kazi yetu ni ndogo. Tuna miwani moja ya VR, hiyo Quest 2, au uhalisia pepe kama wanavyosema wasomi, tuliyoinunua mkono wa pili Kariakoo. Ndani yake tumeweka video za digrii 360 tulizopiga wenyewe: ukingo wa Shimo la Mungu pale Newala, ambako ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linalala chini mpaka Msumbiji, minada ya korosho, na ngoma ya mapiko. Mtu anakaa kwenye stuli, anavaa, anageuza kichwa anakotaka, dakika tano, anavua. Wanaokuja zaidi ni wanafunzi na wakulima waliokwisha kupata malipo yao.

Lalamiko kubwa lilikuwa kwenye mapiko. Mzee mmoja alivaa, akatulia, akasema, "Wajukuu, ngoma naisikia, vumbi naliona, watu nawaona. Huyu lipiko uso wake uko wapi?" Lipiko tulilopiga ni kinyago cha aina ya kofia, linalomeza kichwa kizima, lililovuka Ruvuma pamoja na Wamakonde wenyewe. Lina uso uliochongwa mpaka mikunjo ya kope, na mara nyingine nywele za mtu zimebandikwa juu. Kwenye miwani yetu uso huo ulikuwa doa la kahawia. Mwenzangu akasema skrini. Wateja wakasema skrini. Hata mimi nilianza kusema skrini.

Tuipime basi. Kipimo cha miwani hizi kinachonifaa ni kimoja: pikseli ngapi zinaingia katika digrii moja ya mtazamo. Jicho zima hupambanua karibu 60. Quest 2, iliyotoka Oktoba 2020, ina pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, na ikishasambazwa na lenzi inabaki kama 20 kwa digrii. Quest 3, ya Oktoba 2023, ina 2064 kwa 2208, na inafika 25. Nyongeza ya robo. Kwenye karatasi hapo mwenzangu alikuwa ameshinda.

Lakini miwani haitengenezi picha, inaonesha iliyopewa. Kamera yetu ni ya 5.7K, maana yake picha nzima ya mzunguko ina pikseli 5760 kwa upana. Zigawe kwa digrii 360: unapata 16. Miwani ya zamani ina uwezo wa 20, sisi tunaipa 16. Tukinunua yenye uwezo wa 25, tutaipa 16 ile ile. Ni kama kununua ndoo kubwa zaidi huku bomba linatoa maji yale yale, na watu wa uwanda huu, waliozoea kusubiri maji, hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Twende kwenye uso wenyewe. Siku ile ya ngoma tuliweka kamera pembeni ya watu, kama mita 10 kutoka kwa mchezaji, tukijiona tuna adabu. Uso wa kinyago tuuhesabu sentimita 22. Kutoka mita 10, sentimita 22 ni digrii moja na robo tu. Zidisha kwa 16: uso mzima, kidevu mpaka paji, una pikseli 20. Pikseli 20 haziwezi kubeba kope. Haziwezi kubeba hata mdomo, na kwa lipiko la kofia mdomo ndio kila kitu, maana ndimo anamoonea aliyevaa.

Sasa sogeza kamera mpaka mita 3. Uso ule ule unakuwa digrii 4 na kidogo, pikseli 67 hivi. Zaidi ya mara tatu, na hujatoa shilingi. Linganisha na njia ya mwenye hela: nunua kamera ya 8K, yenye pikseli 7680. Inatoa 21 kwa digrii. Ukiiacha kwenye mita 10 zile zile, uso unapanda kutoka pikseli 20 hadi 27. Yaani kamera mpya na miwani mpya kwa pamoja zinashindwa na hatua saba za kusogea mbele.

Hatua saba zenyewe ndizo ngumu, nikiri. Kusogea pale hakutaki fundi, kunataka ruhusa. Tulirudi kwa wenye ngoma, tukakaa, tukaeleza, tukakubaliwa kusimika kamera karibu na wapiga ngoma kwa sharti kwamba mtu asisimame nayo. Tukaishusha mpaka mita moja na sentimita 20, kimo cha macho ya mtu aliyekaa, kwa sababu mteja wetu anakaa. Hilo nalo lilikuwa kosa la zamani: video za mwanzo zilipigwa kwa kimo cha mtu aliyesimama, na aliyekaa kwenye stuli akawa anajiona ameota miguu mirefu. Kamera haikutikiswa hata kidogo. Somo la kutikisa tulilipata mapema, tulipoifunga kwenye bodaboda tukishuka mlima kutoka Newala. Picha nzuri sana. Mteja wa tatu alitapika.

Wakati huo mgeni aliyetoka Dar es Salaam alituazima Quest 3 yake kwa alasiri moja, kwa hiyo siandiki kwa kusoma boksi tu. Tulitia video ya zamani ya mapiko kwenye miwani zote mbili. Uso ulikuwa doa kwenye zote mbili, ila kwenye Quest 3 lilikuwa doa safi zaidi. Tulipotia ile mpya ya mita 3, watu wanane kati ya kumi tuliowaomba walisema hawaoni tofauti ya maana katikati ya picha. Tofauti waliiona pembeni, na pembeni ndiko Quest 3 inakostahili sifa.

Quest 2 inatumia lenzi za Fresnel, aina aliyoibuni Mfaransa Augustin Fresnel kwa ajili ya minara ya taa ya baharini miaka ya 1820. Badala ya kioo kinene, unachonga miduara myembamba mmoja ndani ya mwingine, kama maji yaliyodondoshewa jiwe. Lenzi inakuwa nyepesi, lakini kila mduara una ukingo, na ukingo hutawanya mwanga. Kwenye picha yenye anga jeupe na mtu mweusi mbele yake utaona miali inakimbia kuelekea pembeni, na maandishi yaliyo nje ya katikati yanafifia. Quest 3 ina lenzi ambazo Wazungu wameziita pancake. Sisi tukaziita lenzi za chapati. Mwanga huingia, ukarudishwa, ukarudishwa tena, ndipo ukatoka kwenda jichoni, kwa hiyo safari ndefu inakunjwa ndani ya nafasi fupi. Gharama yake ni mwanga: hata kwa hesabu ya karatasini hautoki zaidi ya robo ya ulioingia. Lakini picha ni kali mpaka ukingoni, na unageuza macho badala ya shingo.

Jambo la pili nililoliheshimu ni gurudumu dogo la kupanga umbali wa lenzi. Macho ya watu hayalingani nafasi. Quest 2 inakupa hatua tatu tu, milimita 58, 63 na 68. Mtoto wa darasa la nne uso wake mwembamba, na hata ile 58 humpita. Quest 3 inazungushwa taratibu, popote katikati. Kwa anayevaa peke yake nyumbani, hatua tatu zinatosha au hazitoshi, basi. Kwa sisi tunaovisha vichwa thelathini kwa siku, gurudumu lile lilinitia tamaa kweli.

Mwenzangu alipoona naanza kulegea akaleta hoja ya kati: Quest 3S, iliyotoka Oktoba 2024 kwa dola 299, bei ile ile Quest 2 iliyoanzia. Hapa nilikataa bila wiki mbili. Quest 3S ina chipu ya Quest 3, lakini lenzi zake ni za Fresnel, skrini yake ni 1832 kwa 1920, na umbali wa macho ni hatua tatu. Kwa mcheza gemu ni mali. Kwa anayeonesha video, amenunua Quest 2 iliyofuliwa.

Bei tuliipima kwa kilo, maana ndivyo inavyoeleweka huku. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo ya korosho ghafi, na dola ilikuwa karibu 2,700. Quest 3 kwa dola 499 za wakati huo ilikuwa karibu kilo 330 za korosho, kabla ya makato ya mkulima na kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Halafu Meta, kampuni inayotengeneza Quest, haiuzi miwani hizi rasmi Tanzania. Ikiharibika, dhamana iko nchi nyingine.

Kwa hiyo hatukubadili. Kilichonunuliwa ni mkanda wa kichwa. Quest 2 ina gramu 503 na karibu zote zinaning'inia puani. Mkanda wa kitambaa uliokuja nayo ulikuwa umelegea kama lastiki ya soksi, miwani inashuka, macho yanatoka katikati ya lenzi, picha inafifia. Sehemu ya malalamiko ya "haioneshi vizuri" ilikuwa mkanda tu! Tukaweka mgumu wenye kifundo cha kukaza nyuma, na betri ya akiba ikafungwa kisogoni ili uzito usawazike. Wachonga mapiko walilijua hili zamani: mpingo wanaachia vinyago vya kuuza, lipiko la kuchezea huchongwa kwa mti mwepesi.

Tukanunua pia kifuniko cha silikoni cha usoni. Julai 2021 sponji za Quest 2 kama milioni 4 zilirudishwa huko Marekani kwa sababu ya kuwasha ngozi, na silikoni ndiyo ilikuwa dawa. Huku kwetu kuna sababu zaidi. Mikorosho ikipuliziwa salfa, unga ule wa njano unakaa kwenye nyusi, kwenye kanga, kwenye kola. Mtu anatoka shambani, anavaa miwani, unga unabaki kwenye sponji na kuingia machoni mwa anayefuata. Silikoni inafutwa kwa kitambaa chenye spiriti kila baada ya mtu. Lenzi haziguswi na spiriti kamwe; inakula utando wake. Kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda nje.

Nisiifanye Quest 2 malaika. Quest ya kwanza kabisa, ya Mei 2019, ilikoma kupewa viraka vya usalama Agosti 2024, na hii yetu nayo zamu yake inakuja. Kwa video zilizokwisha kuwekwa ndani, hilo halitutishi leo. Ningekuwa nafundisha wauguzi, au nasoma michoro na maandishi madogo kutwa, au nataka kumwona mteja kwa rangi bila kuvua miwani, ningenunua Quest 3 na kuacha maneno; kamera za nje za Quest 2 zinaonesha dunia kwa rangi ya kijivu tu.

Mzee wetu alirudi baada ya mnada wa pili. Alivaa, akakazwa kifundo, akageuka kushoto walikokuwa wapiga ngoma, halafu akarudisha kichwa taratibu mpaka lipiko likawa mbele yake. Akainua mkono kama anayetaka kuligusa kidevu. "Mchongaji huyu namjua," akasema. Hakutaja jina.

Na wewe unayetaka kununua Quest 2 ya mtumba baada ya kusoma haya, fanya jambo moja kabla hujatoa hela. Washa picha nyeupe tupu, vaa, angalia pembe zote za skrini. Lenzi zile hukusanya jua kama kioo cha kuwashia moto, na miwani iliyoachwa dirishani kwa dakika chache hubaki na doa la njano au nukta nyeusi isiyotoka. Yetu ina moja, juu kulia. Muuzaji alituonesha miwani ikiwa kwenye menyu yenye giza.