Binti Amwandikapo Mamaye: Upungufu Mmoja wa Fasihi ya Kiswahili

Mithali za Kiswahili zinenazo habari za mzazi na mtoto ni nyingi, na aghalabu yake hushuka kutoka juu kwenda chini. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika zote hizo anayesema ni mkubwa na anayesikiliza ni mdogo. Ipo moja itazamayo upande wa pili, nayo yasema kuwa mtoto hutazama kisogo cha nina. Maana yake ya kawaida ni kwamba mtoto hufuata mwendo wa mamaye. Lakini mwenye kuipima neno kwa neno ataona kuwa yasema jambo jingine pia: mtoto aliyebebwa mgongoni humjua mama kwa karibu kuliko mtu yeyote, walakini uso wake haoni. Swali la makala haya ni hili: je, binti akisha kuwa mtu mzima, fasihi ya Kiswahili imempa njia ya kuzunguka mbele, autazame uso wa mamaye, na kuueleza?

Jambo hili lataka mahali pa kulijaribia, maana mapenzi ya binti kwa mama yakizungumzwa bila ya nyumba na jiko hugeuka kuwa hotuba. Kilema yafaa. Ni nchi mojawapo ya Vunjo, katika miteremko ya Kilimanjaro, wilaya ya Moshi Vijijini. Yohana Rebmann aliifika mwaka 1848, akiwa katika safari ile ile iliyomwonyesha theluji ya mlima. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao huko mnamo mwaka 1891. Kwa hiyo Kilema imeandikwa mapema na mara nyingi. Lakini walioiandika walitazama mlima, Mangi, mifereji, desturi na dini. Mwanamke alipita katika kurasa zao akiwa na mzigo kichwani, akapita bila ya kusema neno.

Hata kazi kubwa kuliko zote juu ya maneno ya Wachaga wenyewe haikuziba pengo hilo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa miaka mingi Uchagani, alikusanya mafunzo ya jando na unyago katika vitabu vitatu vilivyochapishwa kati ya mwaka 1932 na 1938. Hazina hiyo ni ya thamani, wala hapana mtafiti awezaye kuiacha. Lakini mafunzo hayo nayo ni sauti ya mkubwa ikimshukia mdogo. Msichana hufundishwa, hapewi nafasi ya kusema amemwonaje yule aliyemlea.

Tabia hiyo si ya mlimani peke yake. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akamwelekezea bintiye Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa mtu aliyesimama kinyume cha Sayyid Said. Kwa hiyo mama huyu hakuishi katika nyumba ya watu wanyonge. Katika utenzi humwita bintiye asogee, ashike wino na karatasi, apokee wasia. Wako wasomaji walioona humo mafunzo ya utii kwa mume, na wako walioona werevu wa mwanamke ajuaye kumtawala mume kwa kumbembeleza. Mjadala huo ni wa haki. Lakini pande zote mbili humsikiliza mama. Binti amekaa na kalamu mkononi tangu beti za mwanzo, na kalamu hiyo huandika maneno ya mwingine. Shaaban Robert naye, karibu karne moja baadaye, alimtungia bintiye utenzi wa Hati. Pale msemaji ni baba, lakini njia ya maneno ni ile ile: kutoka kwa mzazi, kwenda kwa mtoto.

Basi upungufu wenyewe ni huu. Fasihi ya Kiswahili ina umbo la wasia, ina umbo la maombolezo, ina umbo la wasifu wa mtu mashuhuri. Maumbo hayo yote hutaka mama awe mwalimu, au awe maiti, au awe maarufu. Mama aliye hai, asiyejulikana nje ya kijiji chake, mwenye ulimi mwepesi na kicheko kikubwa, hana umbo. Naye ndiye ambaye mabinti wengi wanaye.

Mtu aweza kuuliza: kuna hasara gani? Jibu lapatikana kihambani. Kwa mila ya Wachaga, kihamba hurithiwa na wana wa kiume, na kitinda mimba wa kiume ndiye hubaki katika boma la wazazi. Binti huolewa, akaenda kwa watu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke wa Tanzania haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini mila haihami siku ile sheria ichapwapo. Kwa hiyo binti wengi wa Kilema wametoka katika boma la wazazi wao bila ya shina moja la mgomba. Walichochukua ni namna ya mama ya kusema, ya kupika, ya kupatana bei, ya kukataa na ya kucheka. Urithi huo hauna mpaka wa masale wala shahidi wa ukoo. Usipoandikwa, hufa pamoja na yule aliyeupokea.

Tena ucheshi wa mama wa mlimani si tabia ya kuzaliwa nayo tu. Una sababu katika kazi. Tangu kahawa ilipoenea vihambani ilihesabiwa kuwa mali ya mume. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikusanya kahawa kwa bei iliyokwisha kukatwa, na mwenye kuipeleka hakuhitaji ufasaha, alihitaji mizani. Ndizi na maziwa, kwa upande wake, vilikuwa mikononi mwa mke, naye alivipeleka sokoni, mahali ambapo bei haikatwi na mtu mpaka ipiganiwe kwa maneno. Mwanamke aliyekaa mbele ya mikungu yake kwa miaka thelathini amepita chuo cha balagha ambacho mumewe hakupata kukanyaga. Binti aliyekaa ubavuni pake akichunga sarafu ndiye mwanafunzi wa pekee wa chuo hicho. Kama mwanafunzi huyo haandiki, hakuna mwingine aliyesikia.

Wako mabinti wawili wa Afrika Mashariki walioandika, na mfano wao wafaa kuchunguzwa, maana wote wawili walilazimika kutoka nje ya Kiswahili ili wapate nafasi.

Wa kwanza ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mamaye, Jilfidan, alikuwa mwanamke wa Kicherkasi, aliyetekwa angali mtoto baada ya wazazi wake kuuawa. Akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maelezo ya desturi: vyakula, mavazi, Ramadhani, hali ya wanawake. Humo msomaji hujifunza mengi wala hampendi mtu. Lakini aifikiapo habari ya mamaye, maandishi hubadilika. Mama huonekana akienda kutoka kitanda cha mgonjwa mmoja hadi cha mwingine, vitabu mkononi, akiwasomea sala. Hapo si desturi tena. Ni mtu mmoja, ana mwendo wake. Jilfidan hakuwa na nchi ya kumwachia binti, na binti mwenyewe alikwisha kuipoteza ya kwake. Kilichobaki kilikuwa picha ile, akaitia katika lugha ya wageni kwa ajili ya wanawe, waliokuwa wakikua Ulaya.

Wa pili ni Elieshi Lema, mzaliwa wa mkoa wa Kilimanjaro, ambaye pia amewaandikia watoto kwa Kiswahili. Riwaya yake Parched Earth, iliyotoka mwaka 2001, imeandikwa kwa Kiingereza. Msimulizi wake, Doreen, ni mwanamke mtu mzima anayerudi nyuma kumtazama mamaye, Foibe, aliyelea watoto bila ya mume katika jamii ihesabuyo wanaume. Hapo mtoto amezunguka mbele na uso umeonekana. Walakini uso wenyewe ni wa mateso zaidi kuliko furaha, kwa kuwa hoja ya kitabu ni dhuluma ya mfumo wa ubabe. Hilo si kosa. Mwandishi ana haki ya kuchagua hoja yake. Lakini mama anayewashinda wanunuzi kwa mzaha, kisha akarudi nyumbani akiigiza sauti zao mbele ya jiko, bado anamngoja mwandishi.

Kwa nini Kiswahili kimechelewa? Sababu mojawapo imo katika sarufi, nayo yaweza kugeuzwa kuwa dawa. Maisha ya kila siku husimuliwa kwa Kiswahili kwa kiambishi hu-. Chukuliwe kwamba binti wa Kilema ameandika: mama huamka alfajiri, hukata majani ya ng'ombe, huchemsha mtori, huchanganya ulezi na ndizi kwa mbege. Kila neno ni kweli. Lakini hu- ndiyo njeo isiyobeba nafsi: hupika yaweza kuwa mimi, wewe, yeye au wao. Sentensi hiyo ni ya kila mama wa Kilema, na kwa hiyo si ya mama yeyote. Hivi ndivyo picha za mama katika insha nyingi za shule zilivyo. Zina kazi zote za mama, mama mwenyewe hayumo.

Sasa chukuliwe kwamba binti ameongeza: siku moja mnunuzi aliugeuza mkungu mara nne, akaupapasa, akaunusa, mama akamwuliza, 'Baba, unanunua au unaposa?' Hapo li- na ka- zimeingia, na pamoja nazo nafsi imeingia. Mama amepata siku, mnunuzi na kinywa. Siri ya kuyaandika maisha ya nyumbani ni kujua wakati wa kuziacha hu- zijenge mazoea, na wakati wa kuyavunja kwa tendo moja lisilorudiwa. Mapenzi ya binti hukaa mahali pale pa kuvunjika, kwa kuwa mpita njia aweza kuyaona mazoea, bali tendo lile lilionwa na aliyekuwapo tu.

Liko tatizo jingine lililo gumu zaidi. Mama huyu wa Kilema, awapo na watu wake, mzaha wake ni wa Kivunjo. Binti akiuleta katika Kiswahili, sehemu ya chumvi hubaki mlimani. Tafsiri ya neno kwa neno haitafaa, wala kumpamba mama kwa Kiswahili cha pwani kisicho chake hakutafaa. Atasikika kama mgeni jikoni mwake mwenyewe. Lililo salama ni kuandika Kiswahili kile ambacho mama huyo hukisema kweli anapompata mnunuzi kutoka mjini: kifupi, kizito, chenye majina ya vitu vyake, kihamba, mtori, mbege, bila ya kuyaombea radhi. Lugha iliyopokea maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza haitaumwa na haya.

Mwisho ipo pingamizi ya adabu. Watasema wazee kwamba utani una watu wake, babu na wajukuu, mabinamu na mashemeji. Mama si mtani. Pingamizi hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini kumcheka mama ni jambo moja, na kueleza jinsi mama alivyowachekesha wengine ni jambo jingine. La kwanza humshusha. La pili humtambua kuwa ni msanii. Mwenye kuficha kicheko cha mamaye kwa jina la heshima amemheshimu mama asiyekuwapo, akamwacha nje yule aliyepo.

Wanafunzi wa fasihi, na hasa mabinti waliotoka Kilema na Marangu, Pemba na Siu, wakakaa katika madarasa ya chuo, mara nyingi hutafuta mada mbali. Watakaporudi nyumbani kwa Krismasi au kwa Idi, mada imekaa juu ya kigoda, yamenya ndizi na kuuliza kwa nini wamekonda. Mwana Hashima alipewa wino na karatasi mwaka 1858 ili aandike yale aliyoambiwa. Wino haujakauka. Binti wa leo aandike yale aliyoyaona, na ayaandike mama angali hai, apate kusomewa na kusahihisha.