Nyumba ya Eames na Feleji Iliyochelewa

Mtu akiingia katika nyumba ya mawe ya Lamu huona kwamba kumbi zake ni ndefu na nyembamba, na akimwuliza fundi sababu hatatajiwa ladha wala itikadi, ataonyeshwa dari: boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hatua tatu nne bila ya kulegea, kwa hiyo upana wa chumba umekuwa ni urefu wa mti, na mwenye nyumba, awe tajiri kiasi gani, hulala ndani ya kipimo alichopangiwa na msitu. Nimeanzia huku, ingawa nyumba ninayokusudia kuichambua iko mbali na mwambao wetu, juu ya genge linaloitazama Pasifiki katika Pacific Palisades, mjini Los Angeles, kwa sababu naona haieleweki sawasawa ila na mtu aliyekwisha zoea fikira hiyo ya kwamba vifaa hutangulia na umbo hufuata. Wengi huisifu kama tunda la vipaji viwili. Mimi nataka kuisoma kama hesabu ya shehena ya feleji iliyochelewa kufika.

Mwezi wa Januari 1945, vita vikuu vikiwa bado havijaisha, John Entenza, mhariri na mwenye jarida la Arts & Architecture, alitangaza kwamba jarida lake litawaagiza wasanifu wachore nyumba za mfano, zijengwe kweli, zitiwe samani, zifunguliwe watu wazitazame, kisha zikaliwe. Wakati ulimsaidia. Askari kwa mamilioni walikuwa wakitarajiwa kurejea makwao, na sheria ya mwaka 1944 ilikuwa imekwisha waahidi dhamana ya mikopo ya nyumba. Viwanda vilivyokuwa vikifua ndege vingetafuta kazi nyingine. Na ujenzi wa nyumba, ukilinganishwa na ujenzi wa ndege, ulionekana kama sanaa ya kale iliyosahauliwa nyuma. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1966 ukazaa michoro 36, ambayo si yote iliyojengwa, na kila nyumba ikapewa nambari badala ya jina. Nambari 8 ilikuwa ya Charles Eames na mkewe Ray. Walikuwa wameoana mwaka 1941, na wakati wa vita walijipatia ujuzi wa kupinda mbao za plaiwudi kwa joto na shinikizo, hata wakaliundia jeshi la maji la Marekani magango ya kufungia miguu iliyovunjika, yapatayo 150,000. Si jambo dogo katika kisa hiki, maana mtu aliyekwisha toa kitu kimoja mara laki moja na nusu haitazami tena kazi ya mikono kwa jicho lile la kwanza.

Mchoro wa awali, uliochapishwa Desemba 1945, Charles aliufanya pamoja na rafiki yake, msanifu Eero Saarinen. Nyumba ilikuwa daraja: sanduku la vioo na vyuma lililochomoza kutoka ubavuni mwa kilima, likasimama juu ya nguzo chache na kuukatiza uwanja wa majani, likielekea bahari. Vitu vyote vilikuwa vichaguliwe katika katalogi za viwanda, visitengenezwe makusudi. Lakini feleji ilikuwa adimu baada ya vita, na miaka ikapita; haikufika kiwanjani ila mwishoni mwa mwaka 1948. Katika muda huo wa kungoja, mume na mke walikuwa wakienda pale kula chakula chao juu ya majani, kupiga picha, kukaa tu kivulini mwa safu ya mikaratusi, hata wakatambua kwamba daraja lao lingekiua kile kile walichokipenda.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ninaouona kuwa moyo wa habari yote. Nyumba iligeuzwa robo duara, ikaondolewa katikati ya uwanja, ikasukumwa hadi chini ya kilima nyuma ya mikaratusi, sambamba na mteremko. Feleji iliyokwisha letwa haikurudishwa. Wenyewe walisimulia kwamba ilitumika ile ile, ikaongezwa boriti moja tu, na nyumba mpya ikapata nafasi kubwa zaidi kuliko ile ya kwanza. Wako wanaosema kwamba mapenzi ya uwanja si sababu pekee, kwa kuwa mwaka 1947 Charles alikwenda New York kutazama maonyesho ya kazi za msanifu Mies van der Rohe, na humo mlikuwa na mchoro wa nyumba ya vioo juu ya kilima iliyofanana mno na daraja lake, na mtu mwenye haya hapendi kuonekana amevaa kanzu ya mwenziwe. Yamkini yote mawili ni kweli. Hata hivyo haya ya msanii ingemfanya abadili mchoro vyovyote iwavyo. Ni uwanja uliomwelekeza aubadili vipi.

Tuingie sasa katika ufundi. Kuiweka nyumba chini ya kilima kulilazimisha kukikata kilima, na kukata kilima katika nchi ya matetemeko kulilazimisha ukuta wa zege wa kuzuia udongo, wenye urefu wa futi 200 na kimo cha futi 8. Ukuta huo ndio sehemu nzito ya jengo, nao hauonekani katika picha mashuhuri. Umejificha nyuma, ukiubeba mgongo wa ghorofa ya chini, ili upande wa mbele uwe mwepesi kama tiara. Mbele yake zilisimamishwa nguzo zenye umbo la herufi H, upana wake inchi 4, yaani kadiri ya kiganja cha mkono. Juu zililazwa boriti za kimia, zenye kina cha inchi 12, ambazo vyuma vyake vimesukwa mshazari na kuachwa wazi katikati, aina ile ile inayoezekewa maghala na karakana. Nafasi baina ya nguzo na nguzo, nitakayoiita fungu, ni futi 7 na nusu. Kina chake futi 20. Kimo chake futi 17. Mafungu manane yalifanya makao, manne yakaachwa kuwa ua, matano yakawa karakana ya kazi, na jengo likakamilika kwa kulirudia tendo lile lile mara kumi na saba. Penye haja, vyuma vyembamba vilipishanishwa msalaba baina ya nguzo ili fremu isiyumbe, wala havikufichwa.

Fremu ilisimamishwa na watu watano kwa saa 16. Hesabu hii hutajwa kila mahali, na ni ya kweli, lakini msomaji asihadaike nayo. Wenye nyumba walihamia mkesha wa Krismasi wa mwaka 1949, yaani mifupa ilisimama kwa siku mbili, na nyama na ngozi zikala miezi. Aliyepata kujenga, hata kibanda cha uani, anaijua dhuluma hiyo: kuta hupanda upesi, kisha madirisha, bawaba na mifereji ya maji hukutoa jasho.

Na katika ngozi ndimo mlimo mkono wa Ray, ambaye zama zile zilimweka nyuma ya jina la mumewe bila ya haki. Alikuwa mchoraji, mwanafunzi wa mchoraji Hans Hofmann, na kile kimia cha vyuma vyeusi alikitendea kama kitambaa kilichokwisha tandikwa. Penye haja ya mwanga pakatiwa kioo safi. Penye haja ya sitara, kioo chenye ukungu au chenye waya ndani yake. Penye haja ya kivuli, vibao vyeupe, vyeusi, vya buluu, vyekundu, na juu ya mlango kimoja kilichofunikwa jani la dhahabu. Ukikitazama kila kibao peke yake ni bidhaa ya dukani. Mpangilio haukununuliwa popote. Ndani, sebule imeachwa ipande futi zote 17, ukuta wake mmoja umevikwa mbao, na rafu na sakafu zimejaa vikapu, mawe ya pwani, vinyago, makombe, mito ya kuegemea. Wale wanaodhani kwamba usasa ni chumba kitupu na kiti kimoja waje waangalie hapa; nyumba hii imejaa kama duka la mpemba.

Je, lile kusudio la Entenza lilitimia? Kwa maoni yangu, halikutimia. Nyumba ya Eames ilikusudiwa kuwa mfano, na haikupata ndugu; hakuna mtaa wa nyumba kama ile. Feleji ilidai wahunzi na wahandisi, na maseremala wa California walikuwa wakijua mbao. Aliyeupeleka usasa kwa watu wa kipato cha wastani ni mjenzi na mfanyabiashara Joseph Eichler, aliyejenga nyumba zipatazo 11,000, karibu zote katika jimbo hilo, akatumia nguzo na boriti za mti, kuta za vioo zinazofunguka kwenye ua, na mabomba ya maji ya moto ndani ya sakafu, ambayo mengine yaliota kutu na kuwatia hasara waliorithi. Huyu anastahiki sifa nyingine isiyohusu mbao: alimwuzia nyumba mtu wa kabila lolote aliyeweza kulipa, na mwaka 1958 akajitoa katika chama cha wajenzi wa nyumba kwa sababu chama hakikukubali kuupinga ubaguzi.

Umaarufu wa nyumba za mpango ule ulikuja kwa njia nyingine, njia ya picha. Mwaka 1960 mpiga picha Julius Shulman aliipiga picha usiku nyumba nambari 22, aliyoichora msanifu Pierre Koenig juu ya milima ya Hollywood: wanawake wawili wamekaa katika pembe ya vioo, na taa za mji mzima zimetandazwa chini yao. Picha ile iliuza ndoto kuliko katalogi zote, lakini iliuza usiku, na usiku hauna jua. Vioo vile mchana wa kiangazi ni tanuri. Akina Eames walikuwa na mikaratusi. Huwezi kuondoa miti ile ukabaki na nyumba, na yule anayeiga kuta za vioo Mikocheni au Nyali bila ya mti mbele yake atalipa bili ya kiyoyozi maisha yake yote. Hata jina la “usasa wa katikati ya karne”, ambalo mtindo huu huitwa leo, halikuenea ila baada ya kitabu cha Cara Greenberg cha mwaka 1984 juu ya samani za miaka ya hamsini, wakati ambapo Charles alikuwa amekwisha fariki, naye alifariki tarehe 21 Agosti 1978. Ray alimfuata tarehe ile ile, miaka kumi kamili baadaye.

Mwezi wa Januari 2025 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Pacific Palisades, ukageuza mitaa mizima kuwa majivu. Nyumba nambari 8 ilinusurika, ikaingiwa na moshi, na ikabidi isafishwe, vioo na vibao na vile vitu vidogo vidogo vilivyojaa rafuni, kabla ya kupokea wageni tena. Ule uwanja wa majani, ambao daraja lingeupita juu yake, ungali wazi.