Muhuri Ulikuja Baada ya Jamvi

Nyumba ile ya Luchelele inayotazama ghuba wengi wenu mmeiona, na wengine mmeniuliza naionaje. Haya. Nondo zake safi, bloku zilimwagiwa maji mpaka zikakomaa, kenchi zimefungwa na mtu anayeijua kazi. Huko sina neno. Kosa lilitendeka siku ile mwenye nyumba alipoamua kwamba ramani ni kitu cha kununua tayari na mbunifu majengo ni mtu wa kugonga muhuri. Nyufa, ukuta uliotoka tumbo, sebule isiyokalika saa kumi jioni, vyote vimezaliwa siku hiyo.

Tuirudie hatua hiyo taratibu, maana ndiyo inayorudiwa kila mtelemko wa mji huu wa Mwanza.

Kiwanja kinashuka. Ukisimama barabarani juu, mpaka wa chini uko karibu urefu wa ghorofa moja chini yako, na katikati palikuwa na jiwe la itale refu kuliko mtu. Mkononi mwenye nyumba ana ramani ya vyumba vinne, sebule, jiko na stoo, vyote sakafu moja. Ramani hiyo ilichorwa kwa ajili ya kiwanja tambarare, na huhitaji kusomea usanifu kulijua hilo. Tazama michoro ya pande zote nne: mstari wa ardhi umenyooka kona hadi kona. Mchoraji hakuwahi kukiona kiwanja. Pengine alikuwa anafikiria Kigamboni, kama kawaida yao, maana kwao Tanzania yote ni mchanga na minazi.

Fundi akatazama mtelemko, akatazama ramani, akasema neno ambalo kila fundi husema: "Bosi, hapa tunakata juu, tunajaza chini, tunapata levo." Bosi akakubali. Nyumba ilipotea hapo, kabla hata mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Simlaumu sana fundi. Ameulizwa namna ya kuiweka ramani ile pale, naye akajibu alichoulizwa. Swali la kama ramani ile ilistahili kuwekwa pale halikuwa lake. Lilikuwa la mtu ambaye hakuwa ameajiriwa.

Jiwe wakalichoma. Magogo, matairi chakavu, moto mpaka itale ianze kulia, maji, halafu nyundo. Moshi ule watu wa Mwanza tunaujua. Upande wa juu wakachimba mpaka wakakuta mwamba, wakaweka msingi juu yake. Upande wa chini wakainua ukuta wa bloku za inchi sita, wakamwaga kifusi na moramu nyuma yake, wakashindilia kwa miguu na ndoo chache za maji, kisha wakapiga jamvi moja juu ya vyote viwili.

Mwamba hauendi popote. Kifusi kinashuka, mwaka wa kwanza zaidi, wa pili kidogo, na kila masika kinakumbuka kushuka tena. Jamvi lililolazwa nusu huku nusu kule lazima lichague pa kukatikia, na limechagua pale pale ambapo kukata kuliishia na kujaza kukaanza. Ufa unatoka kwenye korido, unapita chini ya mlango wa jiko, unapanda ukutani hadi kwenye linta. Fundi anauita ufa wa plasta. Ufa wa plasta huzagaa ovyo, haufuati mstari wa kifusi kwa uaminifu namna ile. Angalia na mlango wenyewe wa jiko: juu umebana hadi unakwaruza fremu, chini unapitisha kidole.

Na ule ukuta wa chini. Hauna tundu hata moja la kutolea maji. Mvua inashuka mtelemko mzima, inaingia kwenye kifusi, inakaa. Bloku za inchi sita zinaweza kuvumilia udongo mkavu kwa muda, lakini udongo ulioshiba maji ni mzigo mwingine kabisa, na tumbo lile mnaloliona kutoka njia ya chini ni maji yanayotafuta mlango. Hili nimelisema katika safu hii mpaka nimechosha watu. Pandeni Isamilo au Capri Point mkaangalie kuta za zamani: mawe ya hapa hapa, chini pana juu pembamba, zimeegemea kilima, na matundu yake yanatoa maji mpaka leo. Waliozijenga hawakuwa na kompyuta, ila walikubali kwamba kilima ni kilima.

Sasa muhuri. Watu wa halmashauri walipita, wakakuta jamvi tayari na kibali hakuna, wakapiga rangi nyekundu. Ndipo mbunifu majengo akatafutwa. Aliyesajiliwa, kwa sababu sheria ya 2010 ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi haimtambui mwingine. Akaletewa ramani ile ile, akaisafisha kidogo, akaweka jina la kiwanja, akagonga. Kiwanjani hakufika. Ni sawa na kumwita refa mechi ikiwa imekwisha ili asaini matokeo. Najua wapo watakaosema naye ana watoto wa kusomesha. Kweli, lakini muhuri ule unasema kwamba mtu mwenye taaluma ameisoma ardhi, akafikiri, akawajibika. Kwangu mimi kosa lake ni kubwa kuliko la mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakujua. Yeye alijua, na kama angekataa, boma lingesimama wiki mbili tatu, watu wakasemana, na jamvi la upande wa chini lingevunjwa likiwa bado halijabeba kuta.

Angeitwa mapema angefanya nini? Kwanza angemtaka mpima alete mistari ya mwinuko wa kiwanja na mahali kila jiwe lilipo. Angepanda mwenyewe, ikiwezekana mvua ikinyesha, aone maji yanapita wapi. Halafu angeivunja nyumba katika levo mbili: vyumba juu kwenye mwamba, ngazi tano, sebule na jiko chini, msingi ukishuka pamoja na ardhi. Kifusi kingekuwa cha kujazia tu, bila kubeba ukuta. Na jiwe angeliacha.

Frank Lloyd Wright alipopewa kazi ya nyumba ya Fallingwater huko Pennsylvania, kabla ya kuchora aliomba ramani ya upimaji inayoonyesha mawe na miti. Alipochora, mwaka 1935, jiwe ambalo wenye eneo walizoea kulikalia akaliacha litokeze sakafuni sebuleni, likawa mbele ya meko. (Baraza zake za zege zililegea baadaye, zikaja kuokolewa kwa nyaya za chuma mwaka 2002, kwa sababu mzee alikuwa hapendi kusikiliza wahandisi. Kwa hiyo ajirini na mhandisi.) Sisi tuna mawe kila kona, mji unajisifu kwayo, Bismarck Rock iko kwenye kila kalenda, na bado kazi ya kwanza kiwanjani ni kuchoma.

Jua nalo. Ghuba ya Mwanza kwa nyumba za Luchelele iko magharibi. Ramani ya dukani haijui magharibi ni wapi, ikageuzwa tu ili sebule iangalie maji, kioo kutoka sakafu hadi dari, bila baraza, bila hata kivuli cha paa, kwa sababu paa ni lile la kufichwa nyuma ya ukuta ambalo siku hizi linaitwa kontemporari. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua la jioni linaingia limenyooka mpaka kochi la mwisho. Mandhari aliyoyalipia mwenye nyumba anayafungia pazia zito saa tisa alasiri. Madirisha ni ya kusukuma, nusu hufunguka nusu hapana, hivyo upepo wa ziwa unaovuma mchana bure kabisa unaishia nje, ndani kiyoyozi kinalia.

Beda Amuli aliponyoosha miamvuli yake ya zege juu ya soko la Kariakoo, miaka ya sabini, aliwaachia watu kivuli na hewa kwanza, sura ya jengo ikafuata. Zege lile lile, nchi ile ile. Leo tumebaki na boksi lenye mfereji wa bati uliofichwa juu ya gypsum, na mvua ya kwanza ya vuli dari lina ramani yake.

Hoja ya gharama naisikia: mbunifu ni ghali. Basi wajumlishe moto wa jiwe, malori ya kifusi, ukuta wa chini ambao sasa utajengwa mara ya pili, na umeme wa kiyoyozi.

Alama moja nampa mwenye nyumba, tena kwa moyo mweupe: hakugusa mita sitini za ufukwe zinazolindwa na sheria ya mazingira ya 2004. Walioikumbuka sheria hiyo walilala vizuri Mei 2020, maji ya ziwa yalipopanda na kupita rekodi ya 1964.

Kwa sasa cha kufanya ni hiki. Achimbe mfereji upande wa juu, uyazungushe maji yasifike kwenye kifusi. Atoboe matundu ukuta wa chini, safu mbili, akiwa na mhandisi pembeni, kisha aanze kukusanya mawe ya ukuta mpya. Ufa wa jiko auache kama ulivyo: apige mstari wa penseli kwenye ncha zake, aandike tarehe, asubiri vuli na masika zipite. Fundi atakuja na skimu na rangi. Asimfungulie geti.